Juba la Babu na "Jumper" ya Mjukuu: Nasaba ya Neno Moja



Mwezi uliopita mjukuu wetu aliyeko Portsmouth, Uingereza, alinipigia simu ya picha aliporudi skuli, akiwa bado amevaa sare. Ana umri wa miaka minane. Aliivuta sweta yake ya buluu akaisogeza karibu na simu, kisha akaniuliza: "Bibi, hii skuli wanaiita 'jumper'. Kwa nini? Mbona mimi siruki?" Nilicheka, nikamuahidi kwamba nitamjibu. Sikutaka kumjibu papo hapo, kwa sababu jibu lake ni refu. Nusu yake imo katika vitabu vya wanaisimu, na nusu nyengine imo ndani ya sanduku la marehemu babu yangu, hapa hapa Maskati.

Ndani ya sanduku hilo la msaji, lenye njumu za shaba, limo juba moja jeusi ambalo babu alilivaa juu ya kanzu siku za Idi na katika hafla za ndoa. Kwa wale waliokulia ughaibuni na hawakuwahi kuliona, juba ni vazi la juu, refu, lililo wazi mbele tangu shingoni mpaka chini, lenye mikono mipana. Si kanzu, kwani kanzu huvaliwa kwa kupitishwa kichwani. Wala si joho hasa, ingawa watu wengi huyachanganya mawili hayo. Joho limepata jina lake kutokana na kitambaa, ile sufi nzito ambayo Waarabu huiita "jukh". Na leo mhitimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam au Nairobi huvaa joho siku ya mahafali bila ya kufikiri kwamba amevaa neno lililopita bandarini mwetu. Lakini la joho ni hadithi nyengine. Yetu ni ya juba.

Hapa Maskati mtoto wa kiume hukua na dishdasha, kofia ya kumma, kilemba na, siku kubwa, bishti. Juba si vazi la kila siku la Omani. Ukilitaja, wengi watawakumbuka masheikh wa Azhar mjini Cairo kabla ya kumkumbuka mtu wa Nizwa au Sur. Kwa hiyo juba la babu ni mgeni hata ndani ya nyumba yake, na jambo hilo lina maana katika haya nitakayoyaeleza.

Jibu la mjukuu, kwa ufupi, ni hili: ile "jumper" yake ya skuli ni kitukuu cha juba la babu. Wanakamusi wengi wa Kiingereza hulirudisha neno hilo, kupitia Kifaransa na Kitaliana, kwenye neno la Kiarabu "jubba". Halihusiani na kuruka. Sasa tuifuate safari yake hatua kwa hatua.

Katika Kiarabu, jubba hutokana na mzizi wa herufi jim na ba mbili, wenye maana ya kukata. Mzizi huo huo ndio wa "jubb", kisima ambacho Nabii Yusuf alitupwa na ndugu zake. Vazi lenyewe linatajwa katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Mughira bin Shu'ba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa safarini, akataka kutawadha. Alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba. Mikono ikakataa kupanda, akalazimika kuitoa mikono yake kwa chini ya vazi ndipo akaiosha. Bukhari ameiweka hadithi hiyo chini ya mlango unaozungumzia kuvaa juba lenye mikono myembamba safarini. Katika mapokezi ya Tirmidhi, vazi hilo huitwa juba la Kirumi.

Wanavyuoni huisoma hadithi hii kwa ajili ya hukumu za udhu na za kupaka juu ya khofu. Mimi naomba tuisome pia kwa jicho la mwanahistoria wa mavazi. Juba hilo la mwanzo halikuwa la Makka wala la Madina. Lilitoka Sham, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Warumi wa Mashariki. Basi jina lilikuwa la Kiarabu, ushoni ulikuwa wa ng'ambo, na mvaaji alikuwa msafiri.

Kutoka Bara Arabu neno lilifuata njia ya dola ya Kiislamu kuelekea magharibi. Andalusi likaacha alama katika Kihispania kwa sura ya "aljuba", pamoja na kiambishi cha Kiarabu "al" kilichonata mbele yake kama kilivyonata kwenye maneno mengi ya lugha hiyo. Njia iliyolifikisha Ufaransa na Uingereza, hata hivyo, wanaisimu wengi huipitisha Sisilia na kusini mwa Italia. Waislamu walianza kukiteka kisiwa cha Sisilia mwaka 827, na Palermo ikawa mji wao mkuu. Wanormani waliutwaa mji huo mwaka 1072, lakini hawakuwafukuza mafundi waliowakuta. Ushahidi wake upo mpaka leo mjini Vienna: vazi la kifalme la Roger wa Pili, la hariri nyekundu, lenye picha ya simba anayemwangusha ngamia, na ukingoni mwake maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi yanayosema kwamba lilitengenezwa Palermo mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 au 1134 Miladia. Mfalme Mkristo alivaa mabegani mwake maneno ya Kiarabu, na wafalme wa Ulaya waliokuja baadaye walilivaa vazi hilo hilo siku ya kutawazwa.

Katika mazingira kama hayo si ajabu kwamba jubba iligeuka "giubba" katika vinywa vya Wataliana, na kufikia karne ya 12 Wafaransa walikwisha kusema "jupe". Mwanzoni jupe lilikuwa vazi la kiwiliwili, la wanaume na wanawake. Karne kadhaa baadaye, maana ikateremka kutoka mabegani mpaka kiunoni, na jupe ikawa sketi. Wajerumani nao wana "Joppe", koti fupi la sufi, kutoka mzizi huo huo, na wanaisimu wengi hulihesabu hata neno la Kirusi "shuba", koti la manyoya, kuwa ni wa ukoo huu.

Binamu zetu waliokulia Bujumbura, nyinyi mmesema "jupe" tangu utotoni. Familia nyingi za Kiomani ziliingia bara kutokea pwani, zikaweka maduka Tabora, Ujiji, Burundi, Rwanda na Kongo, na watoto wao wakasomeshwa kwa Kifaransa. Waliporudi Omani walirudi na Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha darasani, na wengine Kiarabu kikawa lugha ya tatu. Mama mmoja wa Bujumbura alipomshonea binti yake jupe ya skuli, alikuwa akilitamka neno la Kiarabu lililopita Palermo na Paris na Brussels kabla ya kufika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakati mumewe, chumba cha pili, alikuwa akilikunja juba lililofika hapo kwa jahazi na msafara wa miguu.

Kabla ya kuvuka kwenda Uingereza, turudi Maskati kidogo, kwa sababu bandari hii nayo ina nafasi yake. Mwaka 1507 Afonso de Albuquerque aliishambulia Maskati na kuichoma moto, na Wareno wakakaa hapa mpaka mwaka 1650, walipotolewa na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi. Ngome mbili zinazoitazama bahari ya Maskati ya kale, Mirani na Jalali, ni wao walioziimarisha. Mwanajeshi wa Kireno wa zama hizo alivaa kizibao cha kubana kiitwacho "gibão", na jina hilo nalo, kupitia Kitaliana, linatoka kwa jubba. Fikirini basi: aliyekuwa juu ya ukuta akilinda na aliyekuwa chini akiuzingira, wote wawili walikuwa na vazi lenye jina la asili moja, na hakuna hata mmoja aliyejua. Vita hivyo viliendelea mpaka pwani yetu, hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698.

Waingereza walilipokea neno hili zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer alipomwelezea shujaa wake katika Hadithi za Canterbury, alimvika "gipon" iliyochafuliwa na kutu ya deraya. Gipon ilikuwa shati zito la kuvaliwa pamoja na vazi la chuma, na jina lake lilitokana na jupe. Katika karne ya 17 tunakutana na "jump", koti fupi la mwanamume. Wanakamusi wengi huona kwamba hilo ni jupe lililopotoshwa kwa kusikika vibaya: Mwingereza aliyesikia neno la kigeni alilisogeza kwenye neno alilokwisha kulijua, lenye maana ya kuruka. Katika karne iliyofuata "jumps" yakawa kizibao laini ambacho wanawake walivaa nyumbani badala ya kile cha kubana chenye mifupa. Katikati ya karne ya 19 likazaliwa "jumper", kwanza kama shati pana la turubai la kibarua na baharia, kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, kama vazi la kufumwa kwa sufi. Kutoka hapo halikuwa mbali kuingia katika orodha ya sare za skuli.

Likavuka tena bahari. Marekani "jumper" si sweta, ni gauni lisilo na mikono linalovaliwa juu ya blauzi. Binamu walioko huko na walioko Uingereza hutumia neno moja kwa nguo mbili tofauti. Na huko Nairobi na Mombasa, vijana wa leo huita "jumper" ile fulana nzito yenye kofia ya kuning'inia mgongoni. Kwa hiyo neno limerudi pwani. Katika Mombasa hiyo hiyo sheikh huweza kuvaa juba akenda msikitini, na kijana akampita njiani amevaa "jumper". Wakaamkiana, na nguo zao zisijuane.

Hapa nataka kuwatahadharisha jamaa. Katika makundi yetu ya simu huzunguka orodha ndefu za maneno ya Kizungu "yaliyoibwa" kutoka Kiarabu, na kila orodha humalizika kwa majigambo. Nami najua raha ya kuyasoma hayo. Lakini fungueni sanduku la nguo za bibi, mtakuta jambo jengine. Mtakuta vazi la ndani la kike ambalo baadhi yetu huliita kamisi na wengine huliita shimizi. Shimizi limetufikia kutoka kwa Waingereza, nao walilichukua Ufaransa. Kamisi linafanana na "qamis" ya Waarabu, neno ambalo limo ndani ya Sura ya Yusuf, katika kisa cha kanzu iliyochanwa kwa nyuma. Na wanavyuoni wa lugha hulirudisha neno qamis lenyewe kwenye "camisia" ya Kilatini cha mwisho, shati la kitani, ambalo ndilo mama wa neno la Kifaransa lililotupa shimizi. Maana yake, kamisi na shimizi ni dada wawili. Mmoja alipita mashariki na mmoja magharibi, wakaja kukutana wamekunjwa pamoja katika sanduku moja la Unguja.

Basi hesabu ni hii: tuliwapa juba, na sisi tulipokea kamisi. Anayetaka kudai deni la kwanza na alipe la pili.

Nayaandika haya kwa sababu ya neno lililomo katika kichwa cha makala hii, nasaba. Wengi wetu tulifika Maskati baada ya 1970, Sultan Qaboos alipotwaa uongozi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wengine walikuwa wameikimbia Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengine walitoka bara kwa sababu zao. Tulifika na Kiswahili kinywani. Tukaulizwa sisi ni nani, nasi tukajibu kwa silsila: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwenye kabila na kijiji. Silsila hizo zilitufaa. Ndizo zilizotupatia uraia, kazi na kiwanja. Siwalaumu wazee kwa kuzihifadhi. Bila ya wao tungesimama mlangoni.

Lakini juzi, nikiwa natafuta juba la kumpigia picha mjukuu, nilikuta chini yake karatasi ya shajara yetu, nikaikunjua sakafuni. Ina vizazi saba vya wanaume. Wanawake waliotajwa kwa majina ni wawili tu. Ukiisoma, utadhani neno "jubba" lilitoka Arabuni likatua Portsmouth kwa mruko mmoja, na hilo ndilo kosa lile lile la mtoto anayedhani "jumper" ni nguo ya kurukia. Hakukuwa na mruko. Palikuwa na Sham, Palermo, Paris. Palikuwa na vinywa vilivyolitamka kwa namna yao na mikono iliyolishona upya. Ukiifuta Palermo katika nasaba ya neno hilo, hutaweza kueleza kwa nini juba limekuwa jupe. Na ukimfuta mama wa Kimanyema au wa Kinyamwezi au wa Kihadimu katika nasaba yetu, hutaweza kueleza kwa nini tunaota kwa Kiswahili.

Wako miongoni mwa mama hao walioolewa wakiwa waungwana, kwa mahari na mashahidi. Wako pia walioingia nyumbani kama masuria, wamenunuliwa, na hilo hatuna budi kulisema bila ya kulipamba. Hata sheria iliwasahau: amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, na ilibidi kungojwa mpaka 1909 ndipo nao wakaguswa. Watoto wao walikuwa huru na walirithi jina la baba. Jina la mama lilibaki jikoni.

Sayyida Salme binti Said alilijua hilo. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka kwa Wacherkesi, aliyetekwa utotoni na kuletwa Zanzibar. Salme alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alimwandika mama yake kwa jina, kwa sura na kwa tabia. Sayyid Said alikuwa na masuria wengi, na majina ya wengi wao hayasikiki tena. La Jilfidan tunalijua kwa sababu binti yake alishika kalamu.

Kwa hiyo nawaomba jamaa wote, wa Maskati na Mutrah, wa Dar es Salaam na Unguja, wa Bujumbura, wa Uingereza, Kanada na kwengineko: kila mmoja amwulize mkubwa aliyebaki nyumbani kwake jina la mama wa babu yake, na jina la mama wa bibi yake, na walitokea wapi. Ulizeni kwa adabu, na msimkate maneno. Akisema "alikuwa mtu wa bara," mwulizeni bara ipi. Akisema "alikuwa wa nyumbani tu," mwulizeni aliitwaje. Msione haya kwa jibu lolote. Nitayaandika majina hayo katika shajara mpya, kila jina mahali pake, kabla wakubwa hawajatutoka.

Mimi nimeanza na la kwangu. Mama wa babu yangu, yaani yeye aliyelitia viraka juba hili pale kwapani kwa uzi usiolingana rangi, alikuwa Mmanyema. Mama yangu aliniambia hivyo mara moja tu, akanyamaza. Jina lake bado nalitafuta, na nafasi yake katika karatasi nimeiacha wazi.

Mjukuu nimempigia simu jana. Nilimwonesha juba, nikamwonesha na kile kiraka, nikamwambia kwamba sweta yake na nguo hii ni watu wa ukoo mmoja, ila wamepishana njia miaka mingi. Akatazama, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Nani aliishona hapo?"

Nikamwambia, mama wa babu yangu.

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia tunamtafuta, naye atusaidie. Wabillahi tawfiq.